Macho ya Mutia Hayakutoka Ulaya

"Mwamshe," mama mkwe aliniambia.

"Ndiyo kwanza amelala, Mama. Nimetoka kumnyonyesha sasa hivi."

"Nimesema mwamshe. Wenzangu wamepanda kilima chote hiki kuja kumwona mjukuu. Wamwone na macho yake."

Nilikuwa nimeketi mkekani, mtoto mapajani. Wanawake wawili wa ukoo walikaa mbele yangu na vikombe vyao vya chai, hawanywi. Sikumwamsha. Mutia aliamka mwenyewe, akapiga miayo, akafumbua macho.

Ya bluu. Tena si ile bluu ya kijivujivu ambayo wakunga husema itabadilika baada ya wiki chache. Mutia alikuwa na miezi mitatu kamili, na macho yake yalizidi kuwaka katika kile kiuso chake cha kahawia.

Mmoja wa wale wanawake akaweka kikombe chini taratibu.

"Salmiah, hivi macho ya mwanao Harmin yakoje?"

"Meusi," mama mkwe akajibu. "Ya marehemu baba yake yalikuwa meusi. Yangu haya unayaona. Na ya huyu," akaninyooshea kidole bila kunitazama, "meusi vilevile. Wewe ni mtu mzima, jijibu mwenyewe."

"Mama, unasema nini mbele za watu?"

"Mimi sijasema kitu. Macho ya mtoto ndiyo yanayosema."

Mimi ni Nurlia. Baba yangu analima mwani upande wa mashariki wa kisiwa chetu cha Buton, huku Indonesia. Mume wangu ni La Ode Harmin, mwalimu wa sekondari mjini Baubau, mtoto pekee wa Wa Ode Salmiah. Mama huyo ni mjane, na nyumba yake iko ndani ya ngome ya zamani juu ya mji, kwenye zile nyumba za mbao za watu wa nasaba ya kisultani, wenye La Ode na Wa Ode mbele ya majina yao. Mimi sina Wa Ode. Jina langu linaanza na kuishia hapohapo, na mama mkwe hakuniacha nisahau hilo.

Kulikuwa na jambo la pili. Kabla ya kujifungua nilifanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni kisiwa cha Tomia, wanakokuja Wazungu kuzamia matumbawe. Nilikuwa nakaa huko wiki mbili, narudi nyumbani wiki mbili, mpaka mimba ilipofika miezi saba.

Sasa unaelewa ule ukimya wa chai.

Harmin aliporudi kutoka shule, alimkuta mama yake amekaa sebuleni, simu yangu iko mapajani mwake. Alikuwa amefungua picha moja.

"Huyu ni nani?" mama mkwe akamuuliza mwanawe. Hakuniuliza mimi.

Harmin akaitazama. Ilikuwa picha ya kundi zima, watu tisa wamesimama gatini, mimi pembeni nimeshika orodha ya majina. Mholanzi mmoja mwenye macho ya bluu alikuwa safu ya nyuma, mbali na mimi kabisa.

"Ni wageni, Mama. Kazini kwake."

"Mwangalie macho."

"Harmin," nikasema, "niangalie mimi. Acha hiyo simu, niangalie mimi."

Akainua uso. Alikuwa amechoka, na kulikuwa na kitu machoni mwake ambacho sikuwahi kukiona tangu tuoane. Alikuwa ananipima.

"Mimi sijasema lolote, Nurlia."

"Ndilo tatizo lenyewe. Tukapime. Wewe, mimi na mtoto, tutolewe damu, sampuli ipelekwe Jakarta, majibu yarudi. Mimi niko tayari kesho asubuhi."

Harmin akafungua mdomo. Mama yake akamtangulia.

"Ukoo huu haupimwi kwenye chupa. Tuna wazee wetu. Jumapili ya wiki ijayo watakaa hapa, wataamua."

"Wataamua nini?"

"Kama mwanangu aendelee kulea mtoto wa watu."

Nikamgeukia mume wangu. "Baba Mutia, unasikia anachosema mama yako?"

Akainamisha kichwa. Nilisubiri. Nilihesabu pumzi zangu mpaka ishirini, na yule mwanamume niliyemfulia mashati na kumsahihishia mitihani ya watoto wa watu hakusema hata neno moja.

Sikulia. Nilifunga nguo za mtoto kwenye kanga, nikachukua simu yangu kutoka mapajani mwa mama mkwe, nikasimama mlangoni.

"Msije mkasema nimekimbia," nikawaambia. "Jumapili hiyo nitakuwepo."

Kwa baba yangu, La Madi, hakuna maswali ya mzunguko. Siku mbili alinitazama tu nikila na nikinyonyesha. Siku ya tatu alikuwa anakarabati maboya yake ya mwani kibarazani, Mutia amelazwa nyuma yake. Sufuria la bati likamponyoka mama jikoni, likaanguka kwenye saruji. Mbwa wa jirani alibweka. Mimi niliruka.

Baba akageuka polepole, akamtazama mjukuu wake.

"Nurlia, huyu mtoto hajashtuka."

"Amezoea kelele, Baba."

"Mtoto wa miezi mitatu hazoei sufuria." Akachukua kifuniko na kijiko, akasimama nyuma ya kichwa cha Mutia mahali ambapo hawezi kumwona, akagonga. Mutia aliendelea kuchezea vidole vyake. Baba akagonga tena kwa nguvu. Hakuna kitu.

Aliweka kijiko chini.

"Mambo ya macho waachie wajinga," akasema. "Hili la masikio nenda nalo hospitali kesho."

Daktari wa watoto mjini alikuwa kijana mwembamba aitwaye Irwan, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeongea msikitini. Nilimweleza habari ya sufuria, akammulika Mutia macho, akampekua nywele, akamgeuza mgongo na tumbo akitazama ngozi. Kisha akakaa.

"Mama Mutia, kwenu kuna mtu mwingine mwenye macho haya?"

Nikajua yaleyale yameanza. "Daktari, kama na wewe unataka kuniuliza habari za Wazungu, niambie mapema niondoke."

Akatabasamu. "Wazungu wameingiaje? Hebu nikuulize. Macho yako yana rangi gani?"

"Meusi."

"Kahawia. Kahawia iliyojaa sana mpaka inaonekana nyeusi. Ndani ya jicho la binadamu rangi inayoleta tofauti ni hiyohiyo moja, kahawia. Ikijaa, unapata jicho kama lako. Ikipungua, unapata la asali, au la kijani. Ikikosekana sehemu ya mbele, jicho linaonekana la bluu. Humo ndani hakuna wino wa bluu, hata tone."

"Sasa hii bluu ninayoiona ni nini?"

"Ni mwanga. Mbingu ni ya bluu, lakini umewahi kusikia ndege imetua na rangi mabawani? Mwanga ukiingia mahali pasipo na ile kahawia, unatawanyika, na kinachorudi kwako ni bluu. Watu wa Ulaya wengi wamerithi njia yao ya kupungukiwa rangi. Hapa Buton kuna familia zenye njia nyingine kabisa, ya kwao wenyewe. Nimewaona wagonjwa wa namna hii kabla ya mwanao."

Nilimsogeza Mutia kifuani.

"Endelea."

"Mtoto akiwa tumboni, chembe zinazotengeneza rangi huanzia mgongoni, halafu husafiri. Nyingine huenda kwenye ngozi, nyingine kwenye nywele, nyingine machoni. Nyingine huenda ndani kabisa ya sikio, maana sikio nalo linazihitaji ili lisikie. Katika familia hizi kuna kasoro ndogo ya kurithi. Chembe nyingine hazifiki ziendako. Zisipofika machoni, macho ni ya bluu. Zisipofika kwenye nywele, mtu anazaliwa na kishungi cheupe hapa mbele. Zisipofika sikioni..."

Akaligusa sikio la Mutia.

"Na inatoka kwa nani? Kwa mama au kwa baba?"

"Kwa yeyote. Mzazi mmoja akiwa nayo inatosha, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Na haiji kwa sura moja. Mmoja macho, mwingine nywele tu, mwingine sikio moja, mwingine baka jeupe la ngozi ambalo hata mwenyewe halitilii maanani. Kwa mumeo kuna mtu wa namna hiyo?"

Nilianza kusema hapana. Halafu nikakumbuka.

Harmin ana baka jeupe juu ya mguu wa kushoto, kubwa kama jani la mwembe. Mama yake alimwambia alimwagikiwa mafuta ya moto akiwa mchanga. Mimi nimelishika baka hilo mara nyingi. Ni laini, halina kovu.

Na mama mkwe. Simu anaisikiliza kwa sikio la kulia siku zote, hata kama mkono wa kulia umeshika kisu. Ukimwita kutoka kushoto, hageuki. Na kila Alhamisi hujifungia chumbani na bakuli la rangi ya nywele, na ole wako ubishe hodi.

"Daktari," nikasema, "mtu anaweza kuficha jambo hili miaka thelathini?"

"Macho hayafichiki. Nywele, kila duka linauza dawa yake." Akaandika barua. "Lakini wewe usishughulike na kesi ya nani kamzaa nani ukasahau hili. Makassar kuna mashine ya kupima masikio ya watoto wachanga. Mpeleke mwezi huu. Akigundulika mapema anasaidika."

Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la nje, nikafungua simu. Nilikuwa na picha ya kadi ya familia, niliyoitumia kuandikishia cheti cha kuzaliwa cha Mutia. Mama mkwe yumo, maana tunaishi kwake. Tangu niolewe nimemsikia akisema amezaliwa ndani ya ngome, kitovu chake kimezikwa ndani ya ngome, na mimi nisiye na ngome ninyamaze. Nikaikuza picha. Mahali pa kuzaliwa: Siompu.

Siompu ni kisiwa kidogo hapo mbele yetu, boti ya asubuhi inafika watu hawajamaliza kunywa chai.

Nilikwenda kesho yake, mtoto kifuani. Pale gatini nilimuuliza muuza samaki kama anamjua mtu mwenye macho kama ya huyu. Hakushangaa hata kidogo.

"Unamtafuta Ganiru. Nenda kule kwenye banda la injini."

Nikamkuta mzee ameinama juu ya injini ya boti inayonguruma, kiganja kimetulia juu ya bati lake na macho ameyafumba. Mkewe, mama mnene aitwaye Ndia, alikuwa pembeni anakatakata kasuami, mkate wetu wa muhogo.

"Hasikii," akaniambia. "Injini anazisoma kwa mkono. Mguse bega."

Nilimgusa. Akafumbua macho.

Nilijua ninachokwenda kutafuta, hata hivyo nilimfunua Mutia uso nilinganishe. Yalikuwa macho ya mwanangu, kwenye uso wa mwanamume wa miaka sitini.

Ganiru alimtazama Mutia. Akazima injini. Akafuta mikono kwenye suruali, mara mbili, kisha akanyoosha kidole akaligusa shavu la mtoto chini ya jicho, na lake mwenyewe chini ya jicho. Akacheka bila sauti, mabega yanatikisika.

"Huyu ni wa nani?" Ndia akaniuliza.

"Baba yake ni Harmin, mtoto wa Wa Ode Salmiah wa ngomeni."

Kisu kikasimama. Ndia akamgeukia mumewe, akapitisha vidole viwili kutoka kwenye paji la uso kwenda nyuma, kama mtu anayechana nywele. Mzee akaacha kucheka.

"Hilo ndilo jina la Salmiah kwake," Ndia akasema. "Dada yake alizaliwa na kishungi cheupe hapa mbele. Walikua pamoja, wakiongea kwa mikono toka hawajui kutembea. Alipoposwa na watu wa ngomeni, mshenga akamwambia ukweli wake: dada wa bubu mwenye macho ya paka haolewi kule. Akaondoka. Miaka thelathini na tatu. Hata baba yao alipozikwa, alituma mkeka na sukari, yeye hakuja. Kwa wakwe zake, kaka yake alishakufa."

"Yeye anajua kwamba alisemwa amekufa?"

Ndia akamuuliza kwa mikono. Ganiru akajibu taratibu.

"Anasema anajua. Anasema bado anamtambua dada yake kila akipita sokoni Baubau. Yeye hujificha nyuma ya watu ili asimtie aibu."

Hapo ndipo nililia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya chai.

"Mama Ndia, muulize kama yuko tayari kukutana na dada yake uso kwa uso. Mwambie mwanangu anaitwa wa haramu. Na mwambie kama hataki, nitamwelewa, nitatafuta njia nyingine."

Mikono ikazungumza kwa muda mrefu. Mzee akaingia ndani. Nilidhani amekataa. Akarudi amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, anafunga kifungo cha mwisho.

"Mwambie ni Jumapili," nikasema. "Leo ni Alhamisi."

Ndia akacheka huku anafuta macho. "Ameshaelewa. Anataka tu ujue shati lipo."

Ujumbe wa Harmin ulinikuta kwenye boti ya kurudi.

"Kikao ni saa nne. Kama una la kusema njoo useme pale. Mama amesema usije na mtu wa kwenu wa kugombana."

Nikajibu: "Sitakuja na mtu wa kwetu."

Wazee wanne walikaa sebuleni, pamoja na imamu. Harmin alikuwa mwisho wa mkeka, amekonda. Mama mkwe alikaa karibu na dirisha, nywele zake nyeusi, zinang'aa. Niliingia na Mutia, nikasalimu, nikakaa.

"Wamekusomea unachotuhumiwa?" imamu akaniuliza.

"Nakijua, Baba. Naomba nimuulize Mama swali moja tu kabla ya yote. Mama, ulizaliwa wapi?"

"Humu ngomeni, kila mtu anajua."

"Na una ndugu?"

"Nilikuwa na kaka. Alikufa zamani. Yanahusiana nini na uzinzi wako?"

Nikafungua mlango.

Ganiru aliingia na shati lake jeupe, mkewe nyuma. Alivua viatu, akawainamia wazee, kisha akanyoosha mgongo na kuwatazama. Sebule nzima iliyaona macho yale. Mmoja wa wazee alimtazama yeye, akamtazama Mutia, akarudi kwake tena.

Ganiru hakuwajali. Alimtazama mwanamke aliyekaa dirishani, akapitisha vidole viwili kutoka kwenye paji la uso kwenda nyuma.

Mikono ya mama mkwe iliinuka yenyewe. Nadhani hakuiamrisha. Ilijibu kitu kifupi, cha haraka, kisha akaushika mmoja kwa mwingine kuizuia. Alikuwa amechelewa.

"Mama," Harmin akasema. "Huyu ni nani?"

Mama mkwe akageukia dirishani.

"Mama, umeongea naye. Nimekuona. Ni nani?"

"Mjomba wako," akasema kwa sauti ambayo sikuijua.

Nikawaeleza kwa kifupi aliyoniambia daktari, jinsi ukoo mmoja unavyorithi macho haya, kishungi au baka jeupe. Harmin akauangalia mguu wake wa kushoto. Akagusa lile baka.

"Na haya mafuta ya moto?"

"Hakukuwa na mafuta. Ulizaliwa hivyo."

Ilinibidi niulize. Nilijua jibu litaniumiza, lakini nilikuwa nimevuka maji kwa ajili yake.

"Mama, uliyajua macho haya lini?"

"Mkunga aliponipa mtoto."

"Siku ileile?"

"Dakika ileile." Akaanza kulia. "Niliona ni Ganiru amerudi. Nilifikiri watu watauliza, watachimba, watafika Siompu. Nikasema bora wakutazame wewe. Wewe ulikuwa na Wazungu, ilikuwa rahisi kuaminika."

"Kunitukana mimi, Mama, ni jambo ninaloweza kulisamehe siku moja. Lakini wewe umekua na kaka asiyesikia. Ulijua macho haya yanaweza kuja na nini masikioni. Mwanangu ana miezi mitatu hasikii sufuria likianguka, na wewe ulikuwa unajua, ukanyamaza, ukaita watu waje kunywa chai."

Imamu alifunga kitabu chake, akasema kikao hicho hakina kazi tena, na kwamba kuna watu hapa wanaodaiwa radhi, na si mimi. Harmin akasimama, akanifuata mlangoni.

"Nurlia, nisamehe. Sihitaji kipimo chochote."

"Nilipokuomba tupime ulinyamaza. Leo umeona kwa macho ndiyo unaniamini. Hata wale wazee wameamini, nao si waume zangu."

"Niambie nifanye nini."

"Jumanne nampeleka Mutia Makassar. Ukitaka kuja kama baba yake, meli inaondoka mchana. Kama mume wangu, hilo bado sijalijibu."

Alikuja. Alibeba mkoba, alipanga foleni za dirishani, alilala kwenye kiti cha plastiki. Sikumkemea wala sikumchekea. Mutia alifungwa nyaya kichwani akiwa usingizini, mashine ikachora mistari. Daktari mmoja wa kike akatuita sote wawili.

"Sikio la kushoto halisikii kabisa," akasema. "La kulia linasikia, lakini kwa mbali. Tutampa kifaa kwenye la kulia, ataongea. Na mfundisheni ishara vilevile, msimnyime lugha hata moja."

Harmin aliuliza maswali kumi na moja, akayaandika majibu yote kwenye daftari lake la shule. Nilimtazama akiandika. Hasira yangu haikuisha, ila ilipungua kidogo.

Nilirudi kwa baba na mtoto wangu. Wiki ya pili simu ikalia, alikuwa Ndia.

"Nurlia, dada mtu amekuja. Kaja na boti ya asubuhi, peke yake. Wamekaa kibarazani tangu saa mbili mpaka sasa, hawajanyamaza, na hakuna aliyesema neno. Anauliza kama siku moja utamruhusu amfundishe mtoto hizo ishara. Anasema hathubutu kukupigia mwenyewe."

"Mwambie nimesikia," nikasema. "Sijasema ndiyo. Mwambie nimesikia."

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Harmin alifika kwa baba yangu kwa miguu kutoka njia kuu, amevaa kofia na kitambaa cha kiunoni kama siku ya posa. Baba alikuwa anatandaza mwani juani. Hakusimama.

"Unataka nini?"

"Nimekuja kuomba mke, Baba."

"Nilishakupa mmoja. Umemfanyia nini?"

"Nilinyamaza, Baba. Alipotukanwa, nilinyamaza."

Baba akaendelea kutandaza. "Jibu zuri. Ungesema mama yako ndiye aliyekosa, ningekurudisha ulikotoka. Sasa mimi sina mke wa kukupa, mwenyewe yule kule. Kamuulize."

Nilikuwa ngazini nimempakata Mutia, kifaa chake kipya kidogo kimekaa sikioni kama punje ya mahindi. Harmin akasimama chini, hakupanda.

"Nimepanga nyumba chini ya kilima," akasema. "Vyumba viwili, karibu na shule. Mama hana ufunguo."

"Endelea."

"Kwa wazee wote wanne nimepita, nyumba kwa nyumba. Na kwa wale wanawake wawili wa chai. Nimewaambia nilikosea, nimewaambia na kwa nini."

"Na Mjomba?"

"Siku ya Idi atakula sebuleni kwa Mama, pamoja na wageni wote. Nimemwambia Mama asipoketi na kaka yake, na mimi siketi na yeye. Amekubali. Nurlia, sijui la kuongeza."

"Mimi ninalo la kuongeza. Daktari alisema nusu kwa nusu, kwa kila mtoto. Unakumbuka?"

"Nimeandika."

"Atakayefuata anaweza kuzaliwa na macho haya, na asisikie kabisa, masikio yote mawili. Siku hiyo watu watakuja tena na vikombe vyao. Utafanya nini?"

Alimtazama Mutia, na Mutia akamtazama kwa macho yake yale mawili.

"Nitakuwa nimeshakaa mkekani kabla hawajafika," akasema. "Nimempakata mimi. Wataniuliza mimi, na nitawajibu."

Baba alikuwa ameacha kutandaza mwani. Nilishuka ngazi, nikamkabidhi mtoto mikononi.

"Mshike vizuri shingo," nikamwambia. "Nafunga nguo zetu, twende."